The Witcher 3 na Old School RuneScape: lipi gumu zaidi?

Vijana wenzangu hapa Ngamiani, Tanga, huniuliza sana lipi ni gumu zaidi kati ya magemu mawili, The Witcher 3 na Old School RuneScape, kwa kuwa nimeyacheza yote mawili kwa muda mrefu. Jibu langu ni RuneScape, ingawa ukiyatazama tu utadhani ni kinyume. Witcher lilitoka Poland mwaka 2015, picha zake zinapendeza na ramani yake ni kubwa mno. RuneScape hili lilizinduliwa 2013 kutokana na toleo la 2007, na watu wake bado wana sura za maboksi.

Uzito wa Witcher uko kwenye hadithi. (Asiyetaka kuharibiwa utamu aruke aya hii.) Kuna mahali Geralt, mhusika unayemchezesha, anakuta roho iliyofungwa chini ya mti. Ukiifungulia, watoto yatima wa kule kwenye kinamasi wanaokoka, ila mke wa Baron, bwana mkubwa wa eneo lile, anakufa na Baron mwenyewe anajinyonga. Ukiiua, yule mama anabaki hai lakini akili zimemruka, na watoto ndio basi tena. Uamuzi ule ulinikosesha usingizi. Lakini gemu lilinivumilia: nilikuwa nimeshasevu, umeme ukakatika, uliporudi nikaikuta roho palepale. Njia zote zimekwisha kuandikwa na waliolitengeneza, mwenye subira atazipita moja baada ya nyingine.

RuneScape, linalochezwa mtandaoni pamoja na watu wengine, halimsubiri mtu. Leveli 99 ya ujuzi mmoja inataka pointi 13,034,431, na ukifika 92 ndio kwanza uko nusu ya safari. Hiyo mimi siiti ugumu, ni uvumilivu tu. Ugumu wenyewe ni watu. Bei za pale Grand Exchange, soko la ndani ya gemu, zinatokana na wachezaji wanaouza na kununua, kama samaki wa soko letu la Deep Sea: mashua zikiingia nyingi, bei inaporomoka. Mtu akigundua njia ya haraka ya kupata bidhaa fulani, shehena uliyoilimbikiza inashuka thamani ukiwa umelala.

Halafu kuna Theatre of Blood, mfululizo wa vyumba vya kupambana na majitu makali, mnaingia hadi watu 5. Kwenye chumba cha Sotetseg, mmoja wa majitu hayo, mchezaji mmoja kati yenu anachukuliwa na kupelekwa upande wa kivuli, na yeye ndiye anayeiona njia sakafuni. Wengine wanafuata vigae anavyokanyaga, akipotea wanaumia. Sasa aliyechukuliwa awe ni wewe, uko Tanga, seva iko Ulaya, na mtandao unasuasua! Roho za watu usiowajua hata kwa sura ziko mikononi mwako. Witcher, pamoja na uzuri wake wote, halijawahi kunitoa jasho namna ile. Ndiyo maana kabla hatujaingia huwaambia wenzangu hali ya mtandao wangu, na wakiona mbaya tunaahirisha.

Kwa mfuko, RuneScape ni nafuu. Tangu 2018 linachezeka kwenye simu kwa akaunti ileile ya kompyuta, na halimalizi bando. Witcher linataka mashine yenye nguvu na makumi ya GB. Kuanza RuneScape ni bure, ila Theatre of Blood ni ya wenye uanachama wa kulipia. Ukishakuwa na dhahabu ya kutosha unaweza kununua bondi (kitu cha ndani ya gemu kinachobadilishwa kuwa uanachama) pale Grand Exchange ukalipia uanachama bila kutoa shilingi, na mimi ndivyo ninavyofanya.