Karakana ya Nyakato iliyoninyooshea shafti ya boti

Nina miaka 11 nabeba dagaa kutoka visiwa vya Ukerewe kuja mwalo wa Kirumba, Mwanza, na muda wote huo niliamini kufupisha shafti, ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye injini kuzungusha pangaboi, ni kazi ya nusu saa. Chuma kimezidi, unakikata, unakitia nyuzi, unafunga nati, unaingia ziwani. Sasa naandika ili mwenzangu mwenye boti asipoteze hela na siku kama nilivyopoteza mimi.

Nilinunua injini ya dizeli ya mtumba, na giaboksi yake ni ndefu kuliko ile ya zamani. Shafti ya pangaboi ikazidi kwa sentimita 8 na nusu. Ni fimbo ya stenlesi, unene milimita 30, urefu mita mbili na ushee. Upande wa injini inapungua mpaka milimita 20, na hapo ndipo zilipo nyuzi za nati inayoshika kapilingi, yaani kiungo cha shafti na giaboksi.

Karakana ya kwanza siitaji jina. Mashine yao ya kuchongea chuma ilikuwa ndogo, shafti haikupita kwenye tundu la kichwa chake. Badala ya kuniambia ukweli, wakaikata kwa grainda, wakaisaga ncha kwa kukadiria macho, kisha kijana akazungusha kwa mkono dai, kile kifaa cha kukatia nyuzi. Nikalipa elfu 45, nikafurahi. Safari ya kwanza, kabla hatujafika Nansio, boti ilitetemeka mpaka mabomba ya mafuta yakaanza kulia. Nikashusha mwendo. Chini, kwenye boksi la pakingi, pale shafti inapotokea nje na kuzibwa maji yasiingie, maji yalikuwa yanaingia kama bomba lililosahaulika wazi, na kijana wangu akashika ndoo mpaka tunafunga kamba. Nyuzi zilikuwa zimekatwa upande. Ukikaza nati, inavuta kapilingi kushoto, na shafti nzima inazunguka kama mkia wa mbuzi.

Mzee mmoja wa mwaloni ndiye aliyenielekeza Nyakato, kwenye maeneo ya viwanda. Karakana yenyewe haina bango. Ina mlango wa bati la bluu, nje wamepanga krenkishafti za malori kama kuni. Nilifika siku za mbalamwezi, wakati taa za dagaa zimezimwa na boti zimelala, kwa hiyo sikuwa na haraka. Ukienda na haraka pale utagombana na mtu bure.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Nati iko wapi?”

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nilikuwa nimebeba shafti tu. Akakataa kuigusa. Nikapanda bodaboda kurudi Kirumba kuchukua nati na kapilingi, nimekasirika kweli. Baadaye nikaelewa. Nati ya milimita 20 ya kawaida, nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita 2.5. Yangu ilikuwa ya nyuzi nyembamba, 1.5. Aliiwekea kale kakipimo kenye meno kama kitana, akajaribu jino moja baada ya jingine kwenye mwanga wa dirishani mpaka moja likalala bila kuacha mwanya. Ndipo akachukua sumaku, akaigusisha kwenye shafti. Haikushika. Akatikisa kichwa, akasema ni stenlesi nzuri lakini ina kiburi: ukiisugua bila kuikata, inakuwa ngumu zaidi, na kisu kinaungua.

Nyuzi mbovu zilibidi ziondoke kabisa, yaani shafti ipungue tena sentimita 4. Nilidhani nimeshaiua. Mzee akaniuliza kama injini inaweza kusogezwa nyuma kwenye magogo yake. Inaweza, ukitoboa matundu mapya ya bolti. Basi.

Kilichonifanya nimheshimu ni kazi aliyofanya kabla ya kukata. Shafti aliipitisha ndani ya kichwa cha mashine, na ile mita na zaidi iliyotokeza nyuma akaiegemeza kwenye stendi yenye mbao iliyopakwa grisi, maana fimbo ndefu ikizunguka bila kushikwa inapiga kama mjeledi. Mbele akaifunga kwa chaki, kile kishikio cha mashine, yenye taya nne, kila taya inakazwa peke yake. Akaweka saa ya kupimia, ile ambayo kila mstari wake ni sehemu moja ya mia ya milimita. Akazungusha kwa mkono. Mshale ukacheza mistari 18. Akalegeza taya hii, akakaza ile ya mkabala, akazungusha tena. Nilikaa pale kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu saa nzima namwangalia. Alipofikisha mistari miwili ndipo akawasha umeme.

Kukata kwenyewe kulikwenda haraka. Nyuzi alizikata kwa kisu cha mashine, si dai, akirudia rudia, kila mara anaongeza kidogo, anapaka mafuta kwa brashi. Kina cha uzi wote hakifiki milimita moja. Mwishoni akachonga kifereji ili nati ikae mpaka kwenye bega, akavunja ukali wa ncha, akanipa nati niifunge mimi. Iliingia kwa vidole viwili mpaka mwisho, haichezi. Akaniagiza nisiikaze bila grisi, kwa sababu stenlesi hung'ang'aniana na nati hadi ukate.

Njia ya kii, ule mfereji wa kipande cha chuma kinachozuia kapilingi isizunguke peke yake, walienda kuichonga kwa jirani, na hapo nilisubiri hadi kesho yake kwa sababu umeme ulikatika. Hakuna risiti, hakuna simu ya kukuambia kazi imeisha, na ukitaka kupunguziwa bei mzee anaendelea tu na kazi nyingine. Nililipa elfu 130 na ile ya jirani ndani yake. Nimeilipa kwa moyo mweupe, na ningetamani vijana wa ile karakana ya kwanza wapelekwe pale wakakae kwenye ndoo ile wiki moja.

Jambo jingine aliloniambia bila kuniongezea hata shilingi: nisipange injini boti ikiwa nchi kavu. Boti ya mbao ikiingia majini hujikunja kidogo. Nikaiacha ielee usiku mzima, asubuhi nikapima mwanya kati ya kapilingi mbili, ya shafti na ya giaboksi, kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia, juu, chini, kushoto, kulia, nikaweka vibati chini ya miguu ya injini mpaka pande zote zikalingana.

Nimeshakwenda Ukerewe na kurudi mara sita. Pakingi inadondosha tone moja moja injini ikiwa inafanya kazi, kama inavyotakiwa, na tukisimama inakauka. Ukienda, beba nati, beba kapilingi, fika kabla ya saa mbili asubuhi. Mimi mbalamwezi ijayo narudi na shafti ya kaka yangu.