Monita ya glosi au ya mati kwa kuhariri picha: uzoefu wangu

Nahariri picha kwa monita mbili za inchi 27, moja ya kioo cha glosi (kinachong'aa), nyingine ya uso wa mati (usiong'aa). Zote ni paneli za IPS (aina ya skrini za LCD), na zote nimezikalibreti, yaani kuzipima na kuzirekebisha rangi, kwa kifaa kimoja: nyeupe ya D65 (nyeupe ya mwanga wa mchana), gama 2.2 (jinsi mwangaza unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe), mwangaza wa kandela 100 kwa mita ya mraba. Kwenye ripoti ya vipimo hazipishani kitu. Ukikaa mbele yake mchana, zinapishana sana. Kifaa cha kupimia hubanwa kwenye skrini na kuuzuia mwanga wa chumba usiingie, ilhali jicho linaona mwanga wa skrini na wa chumba kwa pamoja. Kwa hiyo swali la glosi au mati ni swali la chumba chako, na kalibresheni haiwezi kukujibia.

Glosi kwanza. Kioo kisicho na utando wa kupunguza uakisi hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokipiga. Asilimia 4 si kitu, utasema. Haya, piga hesabu. Shati jeupe linaloakisi asilimia 80, likiwa kwenye mwanga wa luksi 200 (luksi ni kipimo cha mwanga unaolifikia), linang'aa kwa kandela 50 hivi. Asilimia 4 yake ni kandela 2. Paneli yenye kontrasti (uwiano wa nyeupe na nyeusi) ya 1000:1 iliyowekwa kandela 100 ina weusi wa kandela 0.1 tu. Basi pale shati lako linapoonekana ndani ya kioo, weusi umepanda zaidi ya mara ishirini na kontrasti imeporomoka hadi chini ya 50:1. Vaa shati jeusi linaloakisi asilimia 5, na kinachoongezeka ni kandela 0.13 hivi. Ukimkuta mhariri amevaa nyeusi mbele ya monita ya glosi, usidhani ni mbwembwe.

Madhara yake huonekana kwenye nywele nyeusi, suti, na ngozi nyeusi iliyopigwa upande wa kivuli. Huoni kilichomo, unavuta slaida ya vivuli juu, kisha picha ikifunguliwa kwenye skrini nyingine inaonekana imepauka, nyeusi imegeuka kijivu. Halafu kuna suala la macho. Dirisha lililo mita 3 nyuma yako huonekana kama liko mbali ndani ya kioo, nyuma kabisa ya picha unayohariri, na jicho hufokasi huku na kule bila wewe kujua. Jioni kichwa kinauma, na lawama inapelekwa kwenye mwangaza wa skrini.

Lakini glosi zote si sawa. Zenye utando wa kupunguza uakisi, kama ule wa lenzi za miwani, hushusha uakisi hadi karibu asilimia 1, na zilizo bora chini ya hapo. Kuitambua ni rahisi: zima monita, washa taa ya simu, itazame taa ikijiakisi kwenye skrini. Taa ikirudi nyeupe na kali, ni kioo kitupu. Ikirudi imefifia, na rangi ya zambarau au kijani, utando upo. Kwa kuhariri picha, glosi isiyo na utando huo siipendekezi hata ikiwa ya bei nafuu.

Mati watu huielewa vibaya. Uso wake una mikwaruzo midogo mno ambayo haiumezi mwanga, inautawanya tu. Taa ambayo kwenye glosi ingekuwa nukta kali, kwenye mati inakuwa doa pana lenye ukungu. Hakuna taswira ya dirisha ya kukusumbua, lakini ukungu huo umelala juu ya vivuli vyako vyote. Jua likiipiga skrini moja kwa moja, mati hupauka karibu yote. Kwenye glosi ungesogeza kichwa kidogo ukalikwepa.

Kasoro inayonikera zaidi kwenye mati ni chembechembe. Fungua picha yenye anga jepesi au ukuta mweupe na utaona kama mchanga mwembamba unaometameta. Wengi hudhani ni noizi ya kamera (chembe zilizomo kwenye picha yenyewe), wakaipunguza kwa programu hadi ngozi ya mtu ikawa kama plastiki. Kipimo ni hiki: tazama eneo moja jeupe kisha yumbisha kichwa polepole kushoto na kulia. Chembe zikibadilika kadiri unavyosogea, ni uso wa monita. Zikitulia palepale, na zikikua unapokuza picha, ni noizi ya kweli. Monita nyingi za IPS za zamani zilikuwa na utando mzito wa mati uliozidisha tatizo hili. Nyingi za siku hizi zina mati nyepesi. Hata hivyo, kwenye 4K ya inchi 27, yenye pikseli 163 kwa inchi, pikseli ni ndogo kiasi kwamba mati yenye mikwaruzo mikubwa huonekana haraka kuliko kwenye 1440p ya ukubwa huohuo, yenye 109.

Mati pia hulainisha kingo kidogo, na hapo ndipo watu hupitiliza kuongeza ukali wa picha. Mimi hukagua ukali kwa asilimia 100 kwenye glosi kabla ya kutoa faili. Usipokuwa na glosi, simu nzuri inatosha kwa kazi hiyo moja, ila usiiamini kwa rangi.

Wanaofikiria OLED (skrini ambazo kila pikseli hutoa mwanga wake) wajue kwamba aina yake iitwayo QD-OLED haina polaraiza, kichujio cha mwanga kilicho mbele ya skrini nyingi, hivyo mwanga wa chumba huufanya weusi wake uwe wa kijivu-zambarau. Gizani ni nzuri sana. Kando ya dirisha, hapana.

Kabla ya kulipa, fanya hivi nyumbani. Zima monita uliyonayo, kaa unapokaa siku zote, saa unazofanyia kazi, uangalie kinachoonekana ndani ya skrini. Ukiona dirisha au taa usiyoweza kuihamisha wala kuifunika kwa pazia zito, nunua mati nyepesi, uiwekee kofia ya kukinga mwanga juu na pembeni, yenye kitambaa cheusi ndani. Ukiona ukuta wenye kivuli tu, glosi yenye utando itakufaa zaidi, hasa kama unachapisha kwenye karatasi ya glosi yenye weusi mzito. Wanaochapisha kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa wawe macho: vivuli kwenye glosi huonekana vizito kuliko karatasi hiyo inavyoweza kutoa, kwa hiyo fanyeni uhakiki kwenye skrini kwa profaili ya karatasi (faili inayoeleza rangi zitakavyotoka kwenye karatasi hiyo) kwanza. Taa weka nyuma ya monita, imulike ukuta, iwe ya kelvini 6500.

Filamu za mati za kubandika juu ya glosi sizitaki. Huleta chembe na mapovu, na kalibresheni lazima irudiwe. Kubandua utando wa mati kwa taulo iliyolowa, kama wanavyofanya baadhi ya watu, kunaweza kuharibu polaraiza na kukuondolea dhamana.

Kusafisha: kitambaa laini cha maikrofaiba na maji yaliyochujwa kwa mvuke, nyunyizia kitambaa, kamwe si skrini. Dawa za vioo zenye amonia hula utando. Glosi huonyesha kila alama ya kidole, lakini hufutika kwa mpanguso mmoja. Mati hufichaficha mafuta, kisha ukisugua sehemu moja kwa nguvu inang'aa doa la kudumu, basi panguza kwa mkono mwepesi, kuanzia juu kushuka chini.