Mayai ya artemia ya vipakiti: hasara tupu

Kama unalea vifaranga vya kambare au samaki wa mapambo, usiguse mayai makavu ya artemia (vijidudu vya maji ya chumvi, chakula cha kwanza cha vifaranga) yanayopimwa kijiko kijiko kwenye vipakiti vya nailoni. Niliyanunua juzijuzi kwa muuzaji mmoja mjini, na hasira haijaniisha.

Kwangu hakikukosekana kitu. Maji lita moja, chumvi isiyo na madini joto gramu 25, mayai gramu mbili, joto nyuzi 28, taa inawaka muda wote. Chupa ya soda imekatwa kitako na kupinduliwa, mpira wa hewa umefika hadi shingoni ili mayai yasitulie chini. Baada ya saa 24 hadi 36 unatakiwa uone wingu la rangi ya chungwa. Mimi nimepata tope la kahawia na artemia wa kuhesabika.

Kurudi dukani naambiwa, "Maji yako ndiyo mabovu, ndugu. Wenzako hawalalamiki." Hakuuliza hata chumvi ni kiasi gani! Na hapohapo anamchotea mteja mwingine kwa kijiko chenye maji, kopo liko wazi mezani. Mayai haya yakifyonza unyevu huamka, hula akiba yao ndani ya ganda, kisha hufa. Hata yale mazuri ya Great Salt Lake, ziwa la chumvi kule Utah, Marekani, hayavumilii hewa ya pwani namna hiyo.

Nilitaka kumpa nyota mbili, maana wachache walioanguliwa walikuwa wazima na vifaranga viliwakimbilia. Bei nayo ni nafuu. Lakini hapana, maana kuwatenga na mayai mabovu ni kazi. Ukizima hewa dakika 10, maganda hupanda juu na artemia hufuata mwanga unaouweka ubavuni, karibu na chini. Mayai yaliyokufa nayo huzama palepale, ukivuta kwa mpira unavuta vyote, na kifaranga akimeza ganda utumbo unaweza kuziba. Kambare naye akimaliza kiini cha yai alichoanguliwa nacho, siku ya tatu hivi, hangoji. Chakula kikichelewa wanaanza kutafunana.

Nyota moja, na hiyo moja ni ya bei.

Nunueni kopo lililofungwa, lenye tarehe. Likishafunguliwa, hamishieni mayai kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, iwekwe kwenye friji, na mjaribu chembe kidogo kwenye glasi kabla kambare hawajataga.