Gondola ya Telluride: panda, hulipi kitu

Tulitoka Denver alfajiri, mwendo wa saa sita na ushee. Telluride ni kamji kadogo ka Colorado, Marekani, kaliko ndani ya bonde, milima pande tatu. Anza na gondola, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya na kukuvusha mlima. Ni ya bure tangu ilipofunguliwa mwaka 1996, ila mie sikuamini, nikawa napapasa pochi mlangoni. Dakika kumi na tatu hivi uko Mountain Village, mji jirani ng'ambo ya mlima. Lakini shuka kwanza kituo cha San Sophia, karibu mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, jua likizama. Huko pumzi inakata, kunywa maji. Mke wangu alifumba macho njia nzima, kisha akataka turudie! Mwisho wa Aprili usiende, huwa imefungwa. Chakula mjini ni ghali. Sisi tulibeba chapati zetu.