Salvia ya May Night: ua la watu wasiopenda kubembeleza maua

Nianze na nyota kabisa maana najua wengine mnasoma hapo tu mnaondoka: 4 kati ya 5, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya duka, ua lenyewe halina shida.

Niko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na wenzangu wa huku mnajua winta yetu haina masihara, ukinunua maua Mei kwa kuangalia rangi tu basi Oktoba unayang'oa yote unatupa. Hii May Night ni ya kudumu. Juu inakauka yote, inafunikwa na sno miezi na miezi, halafu sno ikiyeyuka unainama unakuta palepale kwenye shina la mwaka jana vijani vya kijani vyenye makunyanzi vishaanza kuchomoza, wakati maua mengine hata hayajajua kama kumekucha. Kwenye lebo wameandika zoni 4 mpaka 8, yaani maeneo yaliyogawanywa kwa ukali wa baridi, na zoni 4 ni sehemu ambayo baridi inaweza kushuka mpaka nyuzi 34 chini ya sifuri, Selsiasi hiyo, kwahiyo huku kwetu iko vizuri tu wala sihangaiki kuifunika.

Sio aina mpya. Aliyeitoa ni Mjerumani Karl Foerster mwaka 1956, kwao inaitwa Mainacht, na 1997 ndio ikachaguliwa huku Marekani kuwa mmea wa kudumu bora wa mwaka huo. Mi huwa naamini zaidi mmea uliokaa sokoni muda wote huo kuliko hivi vinavyotoka kila mwaka na jina jipya na bei juu.

Maua yanaanza mwishoni mwa Mei au Juni hivi, yanasimama kwa mistari kama nusu mita, zambarau iliyokolea mpaka jioni unaona kama nyeusi. Nyuki sasa! Wale wanene wenye manyoya wanaanzia chini ya mstari wanapanda ua moja moja mpaka juu, wakifika kileleni wanarukia mwingine, na wala hawana habari na wewe uliyekaa pembeni na chai yako. Sungura na kulungu wa mtaani kwetu, ambao maua ya tulips wanayala kama mchicha, hii wanaipita, nadhani ni ile harufu maana ukisugua jani mkononi inabaki.

Kazi yake ni moja tu ya maana. Yale maua ya kwanza yakichakaa yanageuka kahawia na kiukweli yanatia uchafu bustani, hapo usione huruma, shuka na vidole kwenye shina mpaka uone vijani vipya vimejibana pembeni, kata juu ya hapo. Baada ya wiki kadhaa inatoa tena, sio mengi kama mwanzo ila yanatosha. Usipokata inakaa tu.

Na tafadhali msiilishe. Sisi tukiona mmea tunataka kumwaga mboji na samadi, hii ukiifanyia hivyo inanenepa halafu inapasuka katikati inalala pande zote, unabaki na shimo. Inataka jua la kutosha, angalau masaa 6, na udongo usiotuamisha maji, hasa winta, maana mizizi ikilala kwenye maji hapo ndipo inapokufa na watu wanasingizia baridi. Ikizeeka katikati unaichimba mwanzo wa spring unaigawa, unapata miche ya bure ya kumpa jirani.

Haya, duka. Ni moja ya yale makubwa yanayouza mpaka mbao na rangi, silitaji. Meza moja wameweka hii pamoja na ile salvia nyekundu, zote kibao kimoja juu kimeandikwa SALVIA, basi. Ile nyekundu, Salvia splendens, asili yake Brazil na baridi ya kwanza tu ya kugandisha imekwisha. Nikamsikia kijana wa pale anamwambia mama mmoja kwamba zote zinarudi mwakani. Nyekundu hairudi! Yule mama kabeba trei nzima ya nyekundu kwa sababu ni bei rahisi. Kwahiyo usisome kibao, geuza lebo ya kwenye kopo utafute neno nemorosa au sylvestris, ndio jina la kisayansi la hii, pamoja na namba za zoni.

Ah, na kuna walioniuliza kama inatiwa kwenye kuku. Ya kupikia ni ndugu yake, Salvia officinalis, ina majani ya kijivu na huuzwa upande wa mimea ya jikoni. Hii ni ya kuangalia tu.

Mi nililipa dola 17 kopo kubwa, ila mkisubiri mwisho wa Agosti wanashusha bei sana. Inakuwa imechoka haina hata ua, msijali, angalieni tu kama chini kuna majani ya kijani na maji yakimwagwa yanatoka kwenye matundu ya kopo.