Samaki wa Ziwa Nyasa kwa tangi la sebuleni Mbeya: wa kuanza nao, wa kusubiri na wa kuwaacha dukani

Wengi wanaonifuata kuhusu tangi la samaki huja na picha kwenye simu: samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, matumbawe nyuma yake, maji ya buluu. "Nataka kama hili, kaka." Huwa nawapigia kwanza hesabu ya chumvi. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Tangi la lita 240 litameza zaidi ya kilo 8 za chumvi maalumu ya akwariamu, siyo ya mezani, na kila ukibadilisha maji unapima nyingine. Bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa Mbeya. Matumbawe nayo hayataki joto la maji lipande na kushuka, wakati Julai ya Uyole tunaijua wenyewe.

Mwenye fedha na subira afanye, sitamzuia. Ila sisi tuna ziwa mlangoni. Ukishuka Tukuyu, ukapita Kyela hadi Matema, pale Milima ya Livingstone inapoingia majini, kwenye mawe kuna samaki wa njano, buluu na zambarau ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwatunza kama vito. Hao wa kwenye mawe huitwa mbuna. Wanaishi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na rangi zao hazioni haya mbele ya samaki yeyote wa baharini.

Shida yao ni ugomvi. Mbuna dume hushika jiwe lake na kulilinda kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja. Kwa hiyo dukani usianze kuuliza yupi mzuri. Uliza nani anaweza kukaa na nani. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho, rangi inakuja baadaye.

Tangi lenyewe kwanza, kwa kifupi

Usinunue tangi dogo la duara, hata kwa bei ya kutupa. Kwa mbuna, urefu wa tangi ni muhimu kuliko kimo chake, kwa sababu anayefukuzwa anahitaji mahali pa kukimbilia. Sentimita 120 kwa urefu, 40 kwa upana na 50 kwa kimo zinatoa lita 240, na fundi vioo yeyote mzoefu pale Mwanjelwa atakutengenezea kwa kioo cha milimita 10. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni huua samaki. Maji peke yake yana kilo 240, kwa hiyo stuli ya TV isahau.

Mawe yapange juu ya sakafu ya kioo kabla ya kumwaga mchanga, tena weka kipande cha plastiki laini chini yake. Mbuna huchimba, na jiwe lililokalia mchanga siku moja litaangukia kioo. Mawe ya chokaa yanafaa, kwa sababu maji ya Nyasa ni ya kialkali, pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 7.7 na 8.6 hivi. Kulitambua jiwe ni rahisi: lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa. Na kama unapita Matema siku ya soko, nunua vyungu vidogo vya Wakisi wa Ikombe. Omba hata vilivyopasuka mdomo. Vikilazwa ubavu ndani ya tangi vinakuwa mapango ambayo hakuna duka la mapambo litakuuzia.

Hita ni lazima huku kwetu. Samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27. Mimi naweka hita mbili za wati 150 badala ya moja kubwa: moja ikifa usiku wa Juni, nyingine inawafikisha asubuhi.

Nafasi ya kwanza: labido wa njano

Jina lake kamili ni Labidochromis caeruleus. Njano ya limau, na ukingo mweusi juu ya pezi la mgongo. Kwenye tangi hufika kama sentimita 10. Ni mbuna mpole kuliko karibu wote, na upole huo ndio unaompa nafasi hii. Hashindani sana kwa jiwe, hana kisasi, na ukimkosea kidogo kwenye maji anakusamehe.

Dume na jike wote ni wa njano, kwa hiyo usijisumbue kuchagua jinsia. Chukua vifaranga sita wa sentimita 3 au 4, wakue pamoja, watajipanga wenyewe. Siku moja utamwona mmoja amejitenga kwenye kona, koo limevimba, chakula kinapita mbele yake hagusi. Usikimbilie dawa. Huyo ni mama, ana mayai mdomoni. Atakaa hivyo wiki tatu hivi bila kula, halafu atawatema watoto wakiwa tayari wanaogelea. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilihamisha kiti nikakaa mbele ya tangi hadi ugali ukapoa.

Nafasi ya pili: saulosi

Chindongo saulosi unalipia samaki mmoja, unapata rangi mbili. Majike ni ya njano inayoelekea chungwa, madume ni ya buluu yenye pingili nyeusi. Ni wadogo, sentimita 8 au 9. Watu hudhani umechanganya aina mbili.

Wanunue wanane au kumi, wote wakiwa wadogo na wa njano. Madume yatageuka buluu baadaye. Ukibaki na dume moja au mawili kwa majike sita, mambo ni shwari. Muuzaji akikwambia "chukua haya ya buluu tu, ndiyo mazuri", jua anakuuzia vita. Madume matupu ya saulosi bila majike ya kuwatuliza hayakai.

Ya tatu: yule wa rangi ya kutu

Iodotropheus sprengerae hana mnunuzi wa haraka dukani. Akiwa mdogo ni kahawia tu, kama mwiko wa zamani. Mpe miezi sita na mwanga mzuri, ubavu unaingia zambarau. Ni mtulivu, anakaa na labido na saulosi bila kesi, na hafanani na yeyote kati yao. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika: mbuna humpiga zaidi anayefanana naye kwa rangi na mistari, kwa sababu humwona ni mpinzani wa majike.

Kwa tangi la lita 240, ukiniambia nikuandikie karatasi ya kwenda nayo dukani, ni hii: labido sita, saulosi wanane, wa kutu watano. Idadi inaonekana kubwa. Ni makusudi. Wakiwa wachache, mbabe humwandama mmoja hadi amuue. Wakiwa wengi hasira inagawanyika. Ila msongamano huo unadai filta yenye nguvu, na kila wiki ubadilishe karibu robo ya maji.

Ya nne, kwa mwenye mwaka mmoja wa uzoefu: demasoni

Chindongo demasoni ni wa kwetu hasa. Anatoka miamba ya Pombo, upande wa Tanzania wa ziwa, na wanasayansi walimpa jina mwaka 1994. Mdogo, buluu iliyokolea na pingili nyeusi, mzuri kupita kiasi, na mkorofi kwa ndugu zake wenyewe. Ukinunua wanne, baada ya miezi michache una mmoja. Wanunue kumi na wawili au zaidi kwa mpigo, au usinunue kabisa. Na usimweke pamoja na saulosi: madume ya saulosi yana vazi lilelile la buluu na nyeusi.

Ana jambo jingine, tumbo. Mbuna wengi, yeye akiwemo, hula mwani wanaokwangua kwenye mawe, na utumbo wao ni mrefu. Ukiwalisha nyama au vyakula vya mafuta wanavimba tumbo, wanatoa kinyesi cheupe kama uzi, wanakataa kula, na siku chache baadaye unawatoa kwa wavu mdogo, wamekufa. Chakula chao kiwe chembechembe za spirulina, aina ya mwani. Hapa kwetu tuna bahati ya njegere: chemsha chache, zimenye, zivunje, uwape mara moja kwa wiki. Mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto nao wanaugombania.

Ya tano: tausi wa ziwa

Hawa ni jamii ya Aulonocara, na si mbuna. Huishi kwenye mchanga na pembezoni mwa mawe, wakitafuta vijidudu vilivyojificha. Madume wana buluu ya metali na vifua vya njano au vyekundu, majike ni ya kijivu. Bei yao huwa juu, na pesa yako inaenda kwa dume.

Nimewashusha hadi hapa kwa sababu wanaonewa. Ukiwachanganya na mbuna wakali, dume anapoteza rangi, anakuwa kijivu kama jike ili asionekane, na wewe umelipia tausi ukabaki na kuku. Wafanyie tangi lao lenye mchanga mwingi na mawe machache. Labido ndiye mbuna ninayeweza kumruhusu aishi nao.

Ukitaka mkaaji wa usiku kwenye tangi lolote kati ya haya, gogogo wa Nyasa, Synodontis njassae, anafaa. Ana madoa na sharubu, hukua hadi karibu sentimita 20, na mchana utamwona mkia tu chini ya chungu.

Wa kuwaacha dukani

Melanochromis auratus. Akiwa mdogo ni wa njano na mistari myeusi, na kila mgeni hunyoosha kidole kwake kwanza. Hata mimi. Muuzaji mmoja aliniambia ni mpole, nikachukua wawili, nikawaweka na wenzao tisa. Dume akageuka mweusi mwenye mistari hafifu, na kuanzia siku ile tangi likawa lake. Nilimkuta saulosi mmoja amesimama wima nyuma ya hita, mkia umetafunwa hadi shina, pumzi juu juu. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na samaki wawili, wote auratus.

Maylandia lombardoi naye ni hivyohivyo. Huyu anakudanganya kwa rangi: mdogo ni wa buluu, dume mkubwa ni wa njano. Maylandia estherae, yule wa chungwa, si muuaji, lakini huzaana na labido na kukuachia watoto wasio na jina. Na wa jamii ya Nimbochromis: venustus hupita sentimita 20, na livingstonii hulala ubavu kwenye mchanga kama maiti, samaki mdogo akisogea kudonoa, anamezwa. Kumtazama ni burudani, lakini asiwe kwenye tangi lenye vifaranga vyako.

Samaki wa dhahabu na gapi, wale vijisamaki vya mapambo, usiwalete humu hata kwa zawadi. Wa kwanza anataka maji ya ubaridi, wa pili ni chakula. Na sanduku la dukani lililoandikwa "mchanganyiko" liache. Humo ndimo auratus hujificha.

Kama unawaza kwenda Matema na nyavu zako, kumbuka kuvua samaki wa mapambo kwa biashara kunataka leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Siku ya kuwapokea

Tangi liwe limewashwa wiki nne hadi sita kabla, filta ikiwa imeshaota bakteria wa kula amonia. Samaki wakitumwa kwa basi kutoka Dar, mwambie muuzaji asijaze mfuko wa oksijeni hadi ukakakamaa. Basi likipanda Kitonga na kuendelea hadi huku, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa hupungua na mfuko huvimba. Niliwahi kufungua boksi stendi nikakuta mifuko imevimba kama maputo ya harusi, mmoja umeachia kwenye mshono, na gazeti lote limelowa. Boksi liwe la foam, tena usiku wa Makambako si wa mchezo.

Urefu huohuo wa mita unapunguza oksijeni inayoyeyuka kwenye maji, na maji yakiwa ya joto yanashika oksijeni pungufu hata kuliko hapo. Pampu ya hewa kwetu si pambo. Tafuta inayotumia betri kwa siku umeme unapokatika, lifunike tangi kwa blanketi kubakiza joto, na usilishe hadi umeme urudi.

Nyumbani, zima taa ya tangi. Uache mfuko uelee juu ya maji dakika 20, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano, mara tano au sita. Hamisha samaki kwa wavu mdogo, maji ya mfuko yamwage nje. Badilisha mpangilio wa mawe mawili matatu ikiwa tangi lina wenyeji, ili wote wawe wageni usiku huo. Chakula kingoje hadi kesho. Asubuhi wahesabu kabla ya kuwasha taa, ukianzia nyuma ya hita.