Treni ya umeme Dar–Dodoma, maoni ya mtu wa Mbeya
Jamani nimeipanda SGR, ile treni ya reli mpya ya kisasa ya umeme, toka Dar mpaka Dodoma, yani hiki chombo kiko vizuri, AC inafanya kazi, siti zimenyooka, mwendo hadi kilomita 160 kwa saa na wala huhisi, ukiangalia dirishani ndo unashtuka miti inavyorudi nyuma. Nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu siti za kukaa tu, mtu aliyezoea kulala kwenye treni anakosa kitanda.

Maana sie wa Iyunga hapa Mbeya tunaijua treni nyingine kabisa, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, Wachina waliijenga 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 toka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, daraja la kwanza vitanda vinne kila chumba, la pili sita, na ukipita Mlimba kupanda Makambako ni madaraja na mahandaki mpaka unasahau kula. Kwa mandhari SGR haioni ndani! Ila TAZARA inavuta kwa dizeli na upana wa reli yake ni milimita 1,067, wa SGR ni 1,435, kwa hiyo wanaosema "leteni yale mabehewa ya umeme Mbeya" wajue hayaingii hivi hivi.

Mi ningeomba injini na mabehewa mapya kwanza, halafu kitreni kifupi cha asubuhi Mbeya mpaka Tunduma, kama ile treni ya abiria wa mjini Dar ya 2012, iliyoitwa treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Mwakyembe alikuwa mbunge wa kwetu Kyela, treni wakapata watu wa Dar lol